Ufa Unaotoka Chini

Gari lilifika Njiru likiwa mgongoni mwa bredauni, saa nne asubuhi, na kabla halijashushwa mbogi yote ya gereji za pale kando ya Kangundo Road ilikuwa imeshasimama kulitazama. Lilikuwa dogo. Viti viwili, paa la turubai, chini kiasi kwamba ukisimama kando yake mlango unakufika pajani. Gari la michezo la Kiingereza la miaka ya sitini, la aina ambayo sisi wa Eastlands huiona kwa sinema tu. Chapa sitaitaja kwa sababu mwenyewe aliniomba nisiitaje.

Ukiwa mbali, rangi yake nyekundu ilikuwa safi kabisa. Ukisogea hatua tatu karibu, ilianza kuvunjika mbele ya macho yako. Juu ya madigadi kulikuwa na nyota, kama mtu amerusha jiwe kwenye kioo. Kwenye pembe za milango kulikuwa na mistari miwili mitatu iliyofuatana. Na boneti yote ilikuwa na vijipande vidogo vidogo, kama tope la bwawa lililokauka Februari.

Mzee mwenye gari alikuwa amevaa suti ya kijivu na kofia. Alimwambia Mjomba, "Fundi, hii ni kazi ya rangi tu. Nataka ikuwe tayari Disemba. Msichana wangu anaolewa, nataka nimpeleke kanisani na hii."

Mjomba hakujibu. Alitoa sarafu ya shilingi ishirini mfukoni, akainama, akaanza kugonga bodi polepole, kuanzia taa ya mbele kwenda nyuma. Tak, tak, tak. Halafu mahali fulani juu ya gurudumu la kushoto sauti ikabadilika: tup.

"Mzee," akasema, "rangi haina shida. Shida iko chini."

Mimi si fundi. Nilipiga msasa kwenye gereji hiyo likizo zote za shule, tangu darasa la sita hadi form four, na malipo yangu yalikuwa chapo mbili na maharagwe. Siku hizi nafanya kazi za laptop huko town. Lakini gari lile lilinirudisha pale kila Jumamosi kwa miezi miwili, na kadiri nilivyokaa nalo ndivyo nilivyozidi kujiuliza kitu kama hicho kilifikaje Njiru. Si gari lenyewe. Nauliza kuhusu faiba.

Labda nianze na jinsi inavyotengenezwa, kwa sababu bila hiyo nyufa hazisomeki. Bodi ya bati hukandwa na mashine kubwa. Bodi ya faiba haikandwi, inalazwa. Unachukua umbo lililo tupu ndani, kama la kuokea keki, unalipaka nta ili kitu kisigande, halafu unapulizia tabaka la kwanza la resini iliyochanganywa na rangi. Hilo mafundi wanaliita jelikoti, na ndilo litakalokuwa ngozi ya nje. Likishaanza kushika, unalaza juu yake mkeka wa nyuzi za kioo, unamwaga resini yenye hadina, unabonyeza kwa brashi na rola mpaka hewa itoke. Unarudia. Kesho yake unafungua umbo na kutoa boneti.

Sasa tazama. Nyuzi za kioo ziko ndani, na ndizo zenye nguvu. Jelikoti haina nyuzi. Ni resini tupu, ngumu na dhaifu kama ganda la yai, na inatakiwa iwe nyembamba, kama nusu milimita hivi. Aliyepulizia akiwa na haraka, au akifikiri kwamba nene ndiyo imara, ameshapanda nyufa zitakazoota baada ya miaka. Faiba ikigongwa haibonyei kama bati. Inapinda na kurudi, na wewe unashukuru Mungu hakuna alama. Lakini ile ngozi ya nje haikuweza kupinda. Imepasuka, nywele kwa nywele, na rangi iliyo juu yake itafuata tu.

Ndiyo maana Mjomba anasoma nyufa kama daktari anavyosoma picha ya mifupa. Nyota inamaanisha pigo, na mara nyingi pigo la kutoka ndani: jiwe limerushwa na tairi likapiga madigadi kwa chini. Mistari inayofuatana kwenye pembe za mlango inamaanisha bodi inapinda pale kila mlango ukifungwa. Vile vijipande vya tope la bwawa ni habari nyingine. Hapo rangi yenyewe imezeeka. Rangi za enzi hizo zilikuwa laka, na laka ina vilainishi ndani yake ambavyo huondoka mwaka baada ya mwaka. Ikikauka inanywea. Tabaka zikiwa nyingi zinavutana mpaka zinaachana.

Na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, jua lake halina huruma na rangi. Julai asubuhi gari lina baridi ya umande, Februari saa nane huwezi kuliwekea kiganja.

Tuende 1953.

Januari mwaka huo, katika hoteli ya Waldorf Astoria huko New York, General Motors walionyesha gari la michezo lililoitwa Corvette. Mwisho wa Juni magari ya kwanza yalianza kutoka kiwandani Flint, Michigan. Mwaka ule yalitoka 300 tu, yote meupe, na bodi zake zote zilikuwa za faiba. Nyuzi za kioo zilikuwa zimeanza kuuzwa kama biashara huko Ohio miaka ya 1930, na vita vikuu vya pili vikazitafutia kazi kwenye vifuniko vya rada na mashua. Corvette ndiyo iliyowaonyesha watu wa kawaida kwamba gari zima laweza kuvaa kitu hicho.

Sababu yao ni muhimu kwa stori yetu. Kutengeneza vyuma vya kukandia bati kunagharimu pesa nyingi mno, na pesa hizo hurudi tu ukiuza magari maelfu kwa maelfu. Kwa magari 300 utafilisika. Umbo la faiba unaweza kulitengeneza kwenye banda. Uingereza wadogo wote waliruka juu ya wazo hilo. Lotus walitoa Elite 1957 na Elan 1962, TVR wakaja, Reliant wakaja. Faiba ilikuwa mashine ya wasio na mashine.

Mwaka huohuo wa 1953, mwishoni mwa Mei, huku kwetu magari yaliondoka kukimbia mbio za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. East African Coronation Safari, ndiyo baadaye ikawa Safari Rally. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952. Kwa hivyo aliyepita na gari lenye namba ubavuni na aliyesimamishwa kando ya barabara ileile kuonyesha kipande hawakuwa na safari moja. Nalisema hilo kwa sababu picha za zamani za Safari ni nzuri sana na ni rahisi kusahau nani hayumo kwenye picha.

Zilipita zaidi ya miaka ishirini kabla ya faiba kuja kupimwa kwenye barabara zetu mbele ya umati. Pasaka ya 1975 Lancia walileta Stratos. Gari fupi kama kabari, mbele na nyuma yake vikiwa vipande vikubwa vya faiba vinavyofunguka kama kombe la baharini. Tayari lilikuwa gari la bingwa wa dunia. Sandro Munari alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa tatu, na mshindi akawa Ove Andersson na Peugeot 504, ndiyo, ileile Peugeot ya bati ambayo baba zetu walipandia kwenda mashambani. Mwaka uliofuata Joginder Singh, fundi na mwana wa fundi, akashinda Safari yake ya tatu na Lancer. Stratos ilishinda ubingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976, lakini Safari haikuishinda hata mara moja. Mjomba anasema barabara yetu haijali medali zako.

Magari madogo ya faiba yaliyofika Kenya kwa meli yalikuwa ya watu wachache: walowezi, wafanyakazi wa mashirika, marubani. Wengine waliondoka na kuyauza. Hivyo ndivyo Mzee alivyopata lake, mwishoni mwa miaka ya sabini, kutoka kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao na alihitaji pesa ya haraka kuliko pesa nyingi.

Faiba yenyewe haikufika Njiru kwa njia hiyo, bali kwa matatu.

Hii historia kila mtu anadhani anaijua. Nauli ya peni tatu ndiyo iliyozaa jina. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta akasema matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila ile leseni ya mabasi, na kutoka hapo mtu yeyote mwenye pikapu na fundi wa kuchomelea alikuwa na biashara. Boksi la bati nyuma, benchi mbili, twende. Miaka ya tisini zikawa na muziki na michoro. Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zikaanza kazi: mikanda, vidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikawa kesi. Mafundi wa rangi wa Eastlands waliishi miaka kumi ya njaa, wakipaka nyeupe na kuchora mstari mmoja ulionyooka. Mjomba anaikumbuka miaka hiyo kwa uchungu wa msanii aliyelazimishwa kupaka ukuta wa kliniki. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawatetea vijana wa michoro, na ghafla kila mwenye gari akataka nganya.

Nganya haiwezi kuwa na uso wa kiwandani. Inataka mdomo wake, mabega yake, spoila juu ya paa kama ndege ya kivita. Nani atakukandia bati kwa gari moja? Hakuna. Lakini fundi mwenye resini, mkeka na banda la mabati atakutengenezea uso ambao hakuna mwingine anao kutoka Kayole mpaka Ruai. Hesabu ileile ya Flint 1953.

Shida ni kwamba nganya si Corvette. Mwili wake mrefu ni wa bati na vyuma, uso ni wa faiba, na vitu hivi viwili havipumui pamoja. Kwenye joto faiba inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Fundi anaviunganisha kwa skrubu, anafunika kwa fila, anapiga msasa, anapaka. Halafu gari linaingia kwenye mashimo ya mtaani likiwa na watu 33 na spika za kutikisa kifua. Mahali pa kwanza kupasuka ni pale kwenye kiungo.

Mwaka 2015 Mjomba alipaka uso wa nganya moja iliyokuja ikiwa imeshapasuka. Alijua. Mwenye gari alitaka iingie barabarani Ijumaa, na Mjomba alihitaji pesa ya shule, yangu. Akajaza fila, akapulizia praima, akamwita mchoraji, na mchoraji akaweka Tupac mbele, sura nzima, kazi safi ambayo watu walikuja kupigia picha. Wiki tisa baadaye ufa ulitoka kwenye jicho la kushoto la Tupac ukashuka mpaka mdomoni. Kondaa wakambatiza "Kilio". Mwenye gari alikataa kulipa salio, elfu arobaini, na hakuwa amekosea.

Kwa nini unachelewa hivyo? Hilo nalo nililielewa kwa gari la Mzee. Rangi mpya ina thina. Thina inaingia kwenye nyufa za zamani, inazivimbisha, zinafunga. Siku unakabidhi gari, kila kitu kimelala kama maziwa. Halafu thina inaondoka polepole, wiki hadi miezi, uvimbe unashuka, na ufa unarudi mahali pake pa zamani kama mpangaji mwenye funguo.

Kwa hivyo jibu la Mjomba kwa Mzee lilikuwa tutoe rangi yote, kila tabaka, mpaka kwenye jelikoti, tukate penye ufa wa kweli, tulaze mkeka mpya, ndipo tupake. Na dawa ya kutolea rangi hatutatumia, maana ile ya kawaida inakula resini pia. Ni mkono na msasa. Wiki nane.

"Kuna fundi Industrial Area ameniambia wiki moja," Mzee akasema.

"Ni kweli. Mimi pia naweza wiki moja," Mjomba akajibu. "Halafu Pasaka utanitafuta."

Kuna jambo Mjomba hakumwambia, nami nalisema hapa kwa sababu yeye hatalisema. Hawezi tena kupaka. Rangi za kisasa za sehemu mbili, zile ngumu zinazong'aa bila kupigwa nta, zina hadina yenye kemikali zinazoitwa aisosaineti. Ukizivuta miaka mingi, siku moja mwili unazikataa, na kuanzia hapo hata chembe kidogo inakufunga kifua. Ni moja ya sababu zinazojulikana sana duniani za pumu ya kazini. Maski ya kitambaa haisaidii. Hata ile ya vumbi haisaidii. Inatakiwa maski inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka kwa kompresa yake, na katika gereji za kando ya barabara sijawahi kuona moja. Mjomba alipaka miaka 24 akiwa amejifunga fulana usoni. Miaka mitatu iliyopita alianguka akiwa ameshika bunduki ya rangi. Daktari alimuuliza swali moja tu: unafanya kazi gani?

Siku hizi ananing'iniza inhela kwenye msumari karibu na jiko la chai, na vijana wawili ndio wanaopaka. Yeye anagonga kwa sarafu. Jumamosi ile nilipomuona ameinama juu ya gari nilifikiria kuhusu form four yangu, na ile elfu arobaini, na sikusema kitu.

Mzee alikubali, kwa shingo upande. Tulianza.

Kupiga msasa gari la miaka hamsini na kitu ni kusoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho. Nyekundu ilitoka, chini yake nyekundu nyingine iliyokolea zaidi. Chini yake praima ya kijivu. Kisha buluu, ambayo Mzee alituambia ni ya miaka ya themanini, alipochoka kusimamishwa na polisi. Kisha nyeupe ya laka, imepasuka kila mahali, iliyofichwa tu chini ya zote. Kisha manjano, jelikoti yenyewe. Tulihesabu tabaka saba kwenye boneti. Vumbi lake lilikuwa la rangi ya chapati iliyoungua, na usiku nilijikuna mikono mpaka alfajiri, maana nyuzi za kioo zinaingia kwenye ngozi na hazina adabu.

Wiki ya tatu tukafika pale juu ya gurudumu la kushoto, pale palipolia tup. Kijana alipitisha grinda kidogo, akasimama. "Fundi, kuja uone."

Haikuwa faiba. Kulikuwa na kiraka cha ukubwa wa sahani, kimelowa resini ya zamani, na ndani yake ungeweza kuona nyuzi za pamba, zimesukwa safi, mlalo na wima. Kitambaa. Mjomba aliutoa ukingo mmoja kwa kisu, akausugua kati ya vidole.

"Marekani," akasema. Alimaanisha kitambaa, ile pamba nyeupe isiyopakwa rangi. Jina hilo lilitoka kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walioileta Zanzibar kwa meli katika karne ya 19, na wapagazi wakaifikisha mpaka bara. Nilicheka peke yangu. Ufundi wa Marekani umetobolewa Kenya, na umezibwa na marekani.

Pamba inanyonya unyevu. Inavimba, inanywea, inavimba tena. Kila rangi iliyopakwa juu yake ilikuwa inapasuliwa kutoka chini, na nyota ile kubwa ya madigadi ilikuwa kazi yake. Vijana walianza kumtukana fundi aliyefanya hivyo. Mjomba naye akaongeza lake, si la kuandika hapa.

Mzee alikuja alasiri kama kawaida yake, na gazeti na pakiti ya maziwa ya chai. Mjomba akamwonyesha. "Ona vile walikufanyia, Mzee. Huyu mtu alikuwa mwizi."

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Akavua kofia.

"Si mwizi," akasema. "Ni mimi." Ilikuwa 1984, mwaka wa ukame. Mkeka wa faiba ulikuwa hakuna, au ulikuwepo kwa bei ambayo mwalimu hangeweza. Resini alipata kwa rafiki wa mashua Mombasa. Kitambaa alichukua kwenye sanduku la mke wake, alikuwa amenunua cha kushonea mapazia. "Aliniambia hakitashika. Nikamwambia kitashika mpaka nipate kitu kizuri."

Hakuna aliyesema neno. Baadaye nilijua mke wake alikuwa ameshafariki.

Mjomba alizima redio, akachukua grinda, akakizunguka kile kiraka taratibu mpaka kikatoka chote, mduara mmoja mgumu kama kigae. Alikipangusa kwa shati lake, akampa Mzee, na Mzee akakifunga ndani ya gazeti.

"Disemba haitawezekana," Mjomba akasema.

"Najua."

"Harusi utaenda na nini?"

"Kuna mathree," Mzee akasema, akavaa kofia yake.

Mjomba alikohoa, akaenda kwenye msumari kuchukua inhela. Kisha akamtuma kijana Kariobangi kutafuta mkeka, mita nne, na akamwambia aulize pia bei ya ile maski yenye bomba.